Kesi ya Tovuti Moja

Nyumbani kwetu Chumbageni, Tanga, chumba cha uani kinaitwa ofisi, na mtoto anayekiita jina jingine hutumwa dukani jua la saa saba. Humo ndimo mke wangu, Mama Rehema, anamofungia wafanyabiashara hesabu zao, kwa kompyuta ya mezani ambayo watoto wameruhusiwa kuitazama tu.

Mwezi uliopita, tarehe 18, zimebaki siku mbili kabla ya mwisho wa kupeleka ritani za VAT, kompyuta ikagoma. Na haikugoma kwa jumla. Magazeti yalifunguka, barua pepe ilifunguka, hata taarabu za Bibi zilipigwa bila kukwama. Tovuti ya ritani peke yake ndiyo iliyokataa. Kila Mama Rehema akibonyeza, linatokea tangazo la Kiingereza. Analifunga kwa hasira kabla hajafika mstari wa pili, anabonyeza tena.

"Tovuti yao imekufa," akahukumu.

Nikaifungua kwenye simu yangu, kwa Wi-Fi ileile ya nyumbani. Ikafunguka papo hapo. Kwa hiyo tovuti ilikuwa hai na intaneti ilikuwa nzima; mgonjwa alikuwa kompyuta. Lakini kwetu kesi haziamuliwi kwa ushahidi, huamuliwa kwa anayesema kwa sauti kubwa, na siku hiyo shemeji alikuwapo.

Shemeji anaamini kila ugonjwa wa intaneti huponywa kwa kuchomoa ruta na kuhesabu polepole hadi thelathini. Alichomoa, akahesabu, na ruta ikaendelea kuwaka taa zake zote, maana waya aliochomoa ulikuwa wa friji. Tulikuja kujua mchana, samaki wa Bibi walipoanza kulegea. Kisha akafuta historia yote ya kivinjari "ili kipumue". Kilipumua kweli: nywila zote zilizohifadhiwa zikaondoka na pumzi hiyo, na barua pepe nayo ikafunga mlango. Mama Rehema akaanza kupekua daftari za mwaka juzi, hasemi neno. Anapokuwa hasemi, hata paka huhamia kwa jirani.

Katikati ya hayo simu ikaita. Mteja alilalamika kwamba ankara aliyotumiwa jana ina tarehe ya wiki iliyopita. "Hebu isome vizuri, baba," Mama Rehema akamjibu, akakata.

Bibi, mama yangu mzazi, alikuwa na maoni yake. "Mmeitumikisha tangu alfajiri. Hata punda hupumzishwa adhuhuri." Akaizima, akaifunika khanga. Alasiri ilifunuliwa ikiwa imepumzika vizuri, na bado imekataa.

Jioni akaitwa fundi. Aliitazama kwa muda mfupi, akatikisa kichwa. "Mama, hapa ni kupiga Windows mpya tu."

"Na mafaili ya wateja wangu?"

"Hayo, mama, tutamwomba Mungu."

Alipewa soda, akashukuriwa, akasindikizwa hadi barabarani.

Ndipo Rehema, aliye kidato cha tatu, akarudi kutoka tuisheni. Akaketi, akabonyeza, na tangazo lilipotokea akaliacha hapo hapo, akalisoma hadi mwisho. "Mama, inasema saa ya kompyuta iko nyuma. Imeandika na tarehe yenyewe: tarehe 8."

Tukainamia kona ya chini ya kioo. Tarehe 8, haina wasiwasi.

Rehema akatueleza. Kila tovuti salama hubeba cheti cha kuitambulisha, chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Vingi hudumu siku 90 tu, na mwaka 2025 watoa vyeti na wenye vivinjari walikubaliana kupunguza kikomo hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo 2029. Tovuti ya ritani ilikuwa na cheti kipya, kilichoanza tarehe 14. Kwa kompyuta inayoishi tarehe 8, hicho ni cheti cha siku ambayo haijafika, nayo ikakikataa. Tovuti nyingine zilipita kwa kuwa vyeti vyake vilianza kabla ya hapo. Akarekebisha saa, akaiwasha iende yenyewe kwa mtandao, na ritani zikafunguka.

Ikabaki kumtafuta mrudisha siku. Kijana wetu Twaha alikuwa ghafla na hamu kubwa ya kuosha vyombo. Alipobanwa, akasema: alikuwa ameingiza kisirisiri programu ya kuhariri video, ya majaribio ya siku 30, na muda ulipokaribia kwisha akairudisha tarehe nyuma siku kumi.

Mama Rehema akapitisha adhabu: kila ankara iliyotoka na tarehe ya uongo irekebishwe, na Twaha mwenyewe ampigie kila mteja kuomba radhi, akianza na yule aliyekatiwa simu.

Tulidhani Bibi, wakili wake wa siku zote, atamtetea. Akamkazia macho. "Siku kumi tu? Kumbe unajua kurudisha siku, na hukuja kuniuliza uzirudishe hadi wapi, kabla babu yako hajauza kile kiwanja cha Raskazone?"