Taabu za Kuchora Ndege Shianda

Kuchora ndege aliye hai ni kushindana na kiumbe asiyejua kwamba anachorwa, na hata angejua asingejali. Penseli ikifika shingoni, kichwa kimeshageukia upande wa pili. Ndiyo maana wachoraji wazoefu huanza na umbo la yai la kiwiliwili na mshazari wa mgongo, macho na manyoya yakasubiri. Ukurasa mmoja hujaa ndege nusunusu, kila mmoja akingojewa arudie mkao wake ili amaliziwe. Wengi hawaurudii. Miguu nayo ina mtego: kinachoonekana kama goti lililokunjika kinyumenyume ni kifundo, na goti lenyewe limejificha ndani ya manyoya. Asiyejua hilo humvunja miguu kila yangeyange anayemchora.

Shianda, katika ukanda wa miwa wa Kaunti ya Kakamega, ndege wa kuanzia ni kwera, maana hana haja ya kutafutwa. Kelele zake humtaja kabla hajaonekana. Dume, mwenye kichwa cheusi, mwili wa manjano na jicho jekundu, huchana majani ya miwa au mahindi yakawa nyuzi. Hufuma pete kwanza, kisha husimama ndani ya pete hiyo akifuma kilichobaki mpaka kipatikane chumba chenye mlango chini. Jike akitokea, dume huning'inia mlangoni akipigapiga mabawa kama dalali wa ploti. Jike huingia, hukagua, na mara nyingi huenda zake. Kiota kikinyauka bila kupata mwenyewe, dume hukibomoa na kuanza kingine palepale. Mchoraji aliyekiacha nusu jioni, akitegemea kukimalizia asubuhi, hukuta tawi tupu.

Watu ni mtihani mkubwa kuliko ndege. Mtu aliyeketi kando ya shamba lisilo lake, na karatasi, penseli na darubini, akitazama mpakani kisha akiandika, hawezi kuwa anachora ndege. Ni mpimaji wa mashamba. Kwingi huku ardhi hurithiwa pamoja na kesi zake, kwa hiyo mzee huja taratibu na fimbo, husalimia kwa heshima zote, kisha huuliza kijana ametumwa na nani. Akionyeshwa mchoro hucheka, huondoka, na kurudi na shahidi. Watoto ni wakali zaidi. Hawasemi mchoro ni mbaya, huuliza tu, "Huyu ni kuku?" Ikiwa aliyechorwa ni mwewe, hakuna haja ya mhakiki mwingine. Mwewe mwenyewe kwa kweli hachoreki: akizunguka tu juu ya boma, kina mama hupiga mayowe kuokoa vifaranga, na mchoraji anayetamani aachwe azunguke kidogo zaidi hujikuta upande wa adui.

Rangi ni balaa lingine. Mashariki mwa Shianda, katika Msitu wa Kakamega, yumo turako mkubwa wa buluu, ndege wa karibu sentimita 75. Kwa kawaida buluu ya ndege haitokani na rangi yoyote bali na jinsi unyoya unavyotawanya mwanga, hivyo haimo katika kikopo chochote cha dukani. Jamaa yake, turako wa Ross, ana mabawa yenye wekundu wa kweli, wenye madini ya shaba ndani yake. Mkemia Arthur Church aliupa jina la turasini mwaka 1869. Wekundu huo huyeyuka katika maji ya sabuni. Ndege anayechuja ni faraja kwa mchoraji wa rangi za maji katika eneo linalopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, tena nyingi zikishuka alasiri, mchoro ukiwa bado haujakauka.

Michoro inayosalimika na mvua huwekwa ndani, ambako mchwa huisubiri. Huila kutoka chini, wakaacha ukurasa wa juu mzima ili mwenyewe asishtuke mapema. Hata hivyo mchwa haohao, wakiota mabawa na kutoka ardhini baada ya mvua, humletea mchoraji nafasi bora kuliko zote: kwera, kuku na hata mwewe hukusanyika mahali pamoja, karibu, wakila bila kujali nani anawatazama. Tatizo ni kwamba watu wa Shianda nao hupenda kumbikumbi, na saa hiyo mchoraji, akiwa mwenyeji, huwa ameshaweka penseli chini na kushika beseni.