Sijambo, Ila Naumwa: Mwongozo kwa Muuguzi Mgeni Tabora

Hongera kwa kupangiwa Tabora. Chuoni ulifundishwa kumpima binadamu tangu tumboni hadi uzeeni. Vizuri. Sasa weka kipimajoto mfukoni uanze na salamu. Mgonjwa anatetemeka kwa homa? Mwambie "mwangaluka". Muulize habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Zote zitakuwa nzuri. Ukizimaliza ndipo utaambiwa: "Sijambo, ila naumwa." Ukiruka hatua hii, homa utaipata, historia ya ugonjwa hutaipata.

Mjamzito muulize hedhi ya mwisho aliona lini. Atakujibu kwamba maembe yalikuwa bado mabichi. Usicheke. Miembe ya njia ya misafara, ile ya Bagamoyo hadi Ujiji, ilianza kuhesabu miezi kabla ya kalenda yako ya ukutani. Ila pima na kimo cha mimba, maana maembe hayaivi siku moja.

Mtoto mchanga, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Kama hajatimiza miezi miwili, 60 au zaidi ni za haraka mno. Ukifika sekunde ya 40, bibi atafunua kanga akuonyeshe kitovu kilivyopona. Mtoto atalia. Anza upya. Kwenye mizani usimsifu kwa sauti kwamba ni mnene. Akiugua wiki ijayo, chanzo kitajulikana kabla ya majibu ya maabara, nacho ni wewe.

Binti wa miaka 15 muulize mwenyewe. Mama yake atajibu. Mwombe mama atoke. Atatoka, asimame dirishani.

Baba wa Urambo muulize kama anakunywa pombe. Hanywi. Na wanzuki? "Hiyo si asali tu?" Anavuta sigara? Havuti, analima tumbaku. Andika kama ulivyoambiwa, kisha nusa.

Tumefika kwa mzee. Shikamoo kwanza, kwa sauti, na goti kidogo. Umri hana, ana matukio: Uhuru wa 1961 ulimkuta akichunga ng'ombe peke yake. Piga hesabu mwenyewe. Kwa ajili ya presha, akae dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, mdomo kimya. Hapo kwenye mdomo ndipo wengi tulipoangukia. Mimi nilijitia ujanja, nikamkumbusha mzee mmoja kwamba Livingstone, naye daktari, alikaa Kwihara, hapa hapa Tabora, miezi mitano mwaka 1872 akingoja wapagazi. Dakika tano ni nini? Basi nikasimuliwa babu yake mpagazi, jino la tembo begani, kila kambi hadi pwani. Mkanda wa presha ulikuwa mkononi mwake muda wote. Usimtaje Livingstone.

Halafu utagundua kwamba wewe ndiye unayepimwa. Umetokea wapi? Kabila gani? Kumbe mtani wetu! Mbona umekonda, hawakulishi? Atakushika kiganja, akitazame, agune. Jibu yote kwa heshima, huku ukipampu.

Ataondoka akijua umri wako, ukoo wako na kwamba hujapata mchumba. Wewe kwenye faili lake utakuwa na namba moja, 170 kwa 100, na mbele yake umeandika: ipimwe tena.