Ufukara wa Hiari: Mwongozo wa Bangkok kwa Mwenye Begi Moja

Ukitaka kuishi kifukara Bangkok, sharti kwanza uthibitishe kwamba wewe si fukara. Kijana wa Berlin hana kazi hiyo. Anatupia kaptula mbili kwenye begi la mgongoni, anapanda ndege, na kesho yake jioni yuko Khao San Road, pekupeku, anawasimulia wenzake jinsi alivyoachana na mambo ya dunia. Wewe wa Dar es Salaam au Nairobi unaanza na viza: taarifa ya benki, barua ya mwajiri, tiketi ya kurudi, mahali pa kulala. Afisa atapekua karatasi zako mpaka aridhike kwamba una uwezo, ndipo akupe ruhusa ya kwenda kuishi kama huna.

Usisahau cheti cha homa ya manjano. Sisi wa Afrika Mashariki hatupiti bila hicho, na pale uwanja wa Suvarnabhumi dawati la afya liko kabla ya uhamiaji. Wapenzi wa foleni wanaweza kwenda moja kwa moja uhamiaji, wakasimama mpaka wafike dirishani, wakarudishwa kwenye dawati la afya, kisha wakaanza upya. Kadi ya kuwasili nayo, tangu tarehe 1 Mei 2025, hujazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na ni bure. Zipo tovuti zitakazokujazia kwa ada. Hizo waachie wenye nazo.

Ukishagongewa muhuri, shuka ghorofa ya chini kabisa. Treni ya uwanja wa ndege inakufikisha Phaya Thai kwa baht 45, chini ya nusu saa. Baht moja ni kama shilingi nne za Kenya. Wa Tanzania apige hesabu mwenyewe, ikiwezekana akiwa ameketi.

Malazi yatafute Banglamphu, Khao San yenyewe au vichochoro vyake. Zamani palikuwa mtaa wa wauza mchele. Kuanzia miaka ya 1980 wenyeji wakagundua kwamba vijana wa Kizungu wenye nywele zisizochanwa wanalipa vizuri kuliko gunia, na mchele ukahamia sahanini. Kitanda cha juu cha dabodeka, chumba cha watu 8, ni kama baht 300. Hapo ndipo utakapojua kusafiri peke yako kukoje: unalala na watu saba usiowafahamu, kila mmoja naye kasafiri peke yake, na asubuhi wote wanane mnatoka na suruali zilezile za tembo. Zinauzwa kila kona. Ni nyepesi, zinapepea, na zinadumu mpaka zifuliwe. Umetoka nchi yenye tembo wa kweli Ruaha, umevuka bahari nzima, umenunua tembo wa samawati waliochapwa mapajani. Vaa tu, nani anakujua?

Njiani utaona nge waliokaangwa, wamechomekwa kwenye vijiti, na kibao pembeni: kupiga picha, baht 10. Biashara yenyewe ni hicho kibao.

Maji ya kunywa yanatoka kwenye mashine za vichochoroni kwa sarafu. Nenda na chupa yako. Kiyoyozi ni cha bure katika duka lolote la 7-Eleven, na maduka hayo yamekaribiana. Simama mbele ya friji, soma lebo za maziwa kwa makini kama mtu anayefanya utafiti, kisha toka. Ikiwa ni Aprili, kwenye joto kali, rudia duka linalofuata.

Kwenye saa, Mswahili ana faida ambayo hakuilipia. Katika maongezi ya kila siku Wathai huigawa siku kwa saa sita sita, na jioni hesabu yao inakwenda na yetu sawasawa: saa moja usiku ni moja, saa mbili ni mbili, hivyo hivyo hadi saa tano. Muuza mishikaki akikuonyesha kidole kimoja kwamba ndipo anapowasha jiko, Mjerumani wa kitanda cha chini atakwenda kumsubiri usiku wa manane. Wewe utakuwa umeshashiba na umelala. Ila usijisahau. Ukipita usiku wa manane wao wanaanza tena moja, nasi tunaendelea na saba.

Sasa Kasri la Kifalme, lililoanza kujengwa mwaka 1782. Kiingilio ni baht 500 kwa mgeni na bure kwa Mthai. Usilalamike, maana geti la Serengeti nalo lina bei mbili na hujawahi kulilalamikia. Mabega na magoti yafunikwe. Mwenye kanga begini ameokoa pesa ya kununua shuka mlangoni.

Lakini kabla hujafika mlangoni utakutana na bwana nadhifu, Kiingereza kimenyooka, atakayekupa pole: Kasri limefungwa leo, kuna ibada maalumu, litafunguliwa alasiri. Kwa bahati njema ana rafiki mwenye tuk-tuk, bajaji ya kwao, atakayekuzungusha mahekalu yote kwa baht 20. Kasri halijafungwa. Kwa kawaida huwa wazi kila siku kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na kwa baht 20 dereva hanunui hata mafuta ya kukuzungusha. Mafuta anapewa na maduka atakayokupitisha: fundi suti, fundi suti mwingine, halafu duka la vito.

Msomaji wa Arusha, duka hili usilikose. Tanzanaiti haichimbwi popote duniani isipokuwa Mererani, na Bangkok ni miongoni mwa masoko makubwa ya vito vya rangi, ambako mawe ya Afrika Mashariki yamekuwa yakienda kukatwa na kung'arishwa miaka mingi. Kwa hiyo unaweza kuketishwa kwenye sofa, ukapewa soda baridi, na kijana mwenye tai akakufunulia trei ya mawe ya bluu akikueleza kwa upole kwamba yanatoka chini ya mlima uitwao Kilimanjaro, kwamba punguzo la serikali linaisha leo jioni, na kwamba ukiyapeleka kwenu utayauza maradufu. Atakuuliza kwenu ni wapi. Mjibu. Kijana hafadhaiki hata kidogo: anairudisha trei ya bluu na kuleta ya nyekundu.

Kaa dakika kumi, maliza soda, sema asante. Dereva atapata kuponi yake ya mafuta hata usiponunua kitu, nawe utakuwa umeuona mji kwa baht 20. Kuanzia duka la tatu tabasamu za wenye duka zinakauka na dereva anaweza kukushusha popote. Vaa viatu vya kutembelea.

Kejeli naiweka chini kwa sentensi chache. Mfalme na jamaa zake hawataniwi. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa la kuwakashifu, na mgeni hasamehewi kwa ugeni wake. Noti ikidondoka usiizuie kwa mguu, ina picha ya Mfalme. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa hupigwa vituoni na bustanini, na kila mtu husimama. Pale Lumphini Park wakimbiaji mia nzima huganda njiani ghafla, na wanaoendelea kutembea ni kenge tu, wale wakubwa wanaotoka bwawani na kukatiza nyasi polepole, mkia nyuma. Simama nawe. Kusimama ni bure.

Kwenye chakula, ufukara unalipa kweli. Tafuta mama mwenye kinu cha udongo na rundo la papai bichi lililochanwa nyuzi. Anatia pilipili na kitunguu saumu, anatwanga. Anatia karanga, kamba wakavu, maharage mabichi marefu, sukari, ndimu, mchuzi wa samaki. Mchi mkono huu, kijiko mkono ule, anatwanga na kugeuza bila kutazama, huku anakuuliza kwa vidole unataka pilipili ngapi. Hapa si mahali pa kutetea heshima ya taifa, hata kama kwenu mnatafuna pilipili mbuzi. Onyesha kidole kimoja. Atatia mbili. Usipunguze bei ya chakula. Sahani ya baht 50 haina mjadala, na mtu anayebishania baht 5 na mama wa kinu baada ya kupanda ndege hana ufukara, ana tabia.

Mchuzi wa kwenda nao hutiwa kwenye mfuko wa plastiki, ukajazwa upepo na kufungwa kwa mpira. Sisi ambao kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku, Kenya 2017 na Tanzania 2019, huupokea tukiangalia nyuma kama kuna askari.

Yupo pia Jay Fai, mpishi wa mtaani aliyepata nyota ya Michelin mwaka 2017, anakaanga juu ya mkaa akiwa na miwani mikubwa ya kukinga mafuta. Kimanda chake cha kaa kimekuwa kikiuzwa zaidi ya baht 1,000. Fukara wa hiari hupiga picha ya foleni. Wasiokula nguruwe wasitegemee bahati. Waende kwa Waislamu wa Ban Khrua, kando ya mfereji, au kwa Waarabu wa Sukhumvit Soi 3.

Mfereji wenyewe, Khlong Saen Saep, ndio usafiri ninaoupenda kuliko wote. Boti zinasimama sekunde chache tu. Unaruka. Kondakta, kofia ngumu kichwani, anatembea kwenye ukingo wa nje akishika kamba kwa mkono mmoja na kukatisha tiketi kwa mwingine. Nauli haifiki baht 30. Abiria wa pembeni ana kazi: boti nyingine ikija kwa kasi, anavuta kamba na turubai linapanda kuzuia maji. Ukiona wote wameinuka kushika kamba, usibaki unapiga picha. Maji yale hayana haja ya kukuingia mdomoni.

Boti hiyo itakufikisha Pratunam, na hapo ndipo simu itakapoita.

"Nasikia uko Bangkok. Unafuata mzigo gani, baba?"

"Sifuati mzigo, shangazi. Natembea tu."

"Unatembea. Na nani?"

"Peke yangu."

Atanyamaza kidogo. "Haya. Basi kama mikono ni mitupu, nakutumia orodha."

Usibishane, huwezi kumweleza shangazi kwamba mtu alivuka bahari kwenda kutazama kenge. Pratunam ndiko wafanyabiashara wa nguo wanakochukulia jumla, na maduka mengi yanakupa bei ya jumla ukianzia vipande vitatu. Muuzaji anaandika bei kwenye kikokotoo na kukupa. Unaifuta, unaandika yako, unarudisha. Hakuna neno linalosemwa. Mbinu ya Kariakoo ya kugeuka na kuondoka inafanya kazi, mradi ugeuke ukitabasamu. Ukipandisha sauti umeshauziwa bei yao.

Magauni kumi na mawili, viatu jozi sita, na "vile vipochi, wewe angalia tu." Nunua shangazi kaja, lile begi la miraba, kubwa kabisa. Uwanja wa ndege, mzani ukizidi kilo mbili, vaa majaketi. Ukizidi kilo tano, mpigie mwenye orodha, na umwambie awe na simu ya M-Pesa karibu.