Wiki ya Shughuli Kivinje, na Namna ya Kuimudu

Ukiamua kurudi Kilwa Kivinje mwezi wa Juni, shule zimefungwa na wali wanatolewa, jua kwamba ratiba yako imekwisha kupangwa na wenyewe. Basi halijafika Ikwiriri simu imeshaita mara nne. Shangazi anauliza kama umebeba kanga za sare, mjomba anataka uwepo Alhamisi mahari ikipelekwa, binamu ana nikahi Ijumaa baada ya sala, na mtoto wa dada anatolewa Jumamosi. Jibu linalowafaa wote ni moja: "Nipo, inshallah." Usianze kuchagua. Mji mdogo haumsahau aliyehudhuria shughuli ya mwenye gari akaikosa ya mwenye baiskeli.

Asubuhi ya kwanza ni ya kuamkia. Nenda kwa miguu, baraza kwa baraza, kwa kufuata umri na si ukaribu wa nyumba. Shikamoo ya kupitia dirishani mwa bajaji haihesabiwi. Shuka, vua viatu, kaa mkekani mpaka uulizwe habari za watoto mmoja mmoja. Chai kunywa nusu kikombe, kwa sababu mbele kuna nyumba nyingine kumi na kila moja imepika mhogo wa nazi au vitumbua. Kuanzia nyumba ya tano unaruhusiwa kusema umeshiba. Kabla ya hapo utaambiwa mji wa watu umekuharibu, na watakuwa na haki.

Sasa fedha, na hapa naomba unisikilize vizuri. Vunja noti zako kubwa kabla hujasafiri. Mwali akiletwa uwanjani na ngoma ikakolea, mwenye noti moja ya elfu kumi hutunza mara moja akakaa. Mwenye noti kumi za elfu moja huinuka mara kumi, hucheza mara kumi, na mwali humwona mara kumi. Binti yule amefundwa siku nyingi ndani. Anachotaka kuona anapotoka ni nyuso za watu wake. Basi uso wako aushibe.

Kutoa si jambo geni pwani hii. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Anasimulia kwamba sultani alikuwa akikaa na kula pamoja na mafukara. Ijumaa moja, akitoka msikitini, fukara kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akarudi ndani, akabadili, akampa zile. Alipofariki akashika nduguye Daud, na mwombaji akija hujibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutolewa. Kila ninapoona mtu ameketi ngomani amekunja mikono juu ya pochi, namkumbuka Daud.

Kwa hiyo Jumatano, kabla shughuli hazijaanza kusongamana, kusanya watoto wote wa ukoo uende nao Kilwa Kisiwani, kwenye mji wa masultani hao. Chukueni kibali Kilwa Masoko, pandeni mashua. Mkondo ni mfupi. Wapeleke Msikiti Mkuu, wasimame chini ya kuba, kisha wapandishe Husuni Kubwa walione birika lenye pembe nane lililochongwa juu ya bahari. Waambie magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004 na kutolewa humo mwaka 2014. Mkirudi Kivinje wapitishe pia Mwembe Kinyonga, uwasimulie habari za Hassan bin Omari Makunganya, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1895. Mtoto aliyelishwa pilau wiki nzima bila kusikia jina hilo amerudishwa Dar na njaa.

Tangazo la msiba likitoka kwenye kipaza sauti cha msikiti, shughuli zote zinapisha. Ngoma itasubiri. Nenda, hata kama marehemu humkumbuki vizuri, ubebe jeneza japo hatua chache, ukae na wanaume nje au na kina mama ndani. Watani watakuja na vituko vyao, wape wanachodai.

Nami nina deni langu. Mwaka jana nilihudhuria yote hayo, ila nyumba moja nilikuwa naipita nikipaza sauti, "Bibi, nitakuja kesho!" Ni bibi wa jirani, aliyenilea mama akiwa shambani, siye wa ukoo na hana shughuli ya kualika mtu. Jumapili, nikiwa nimeshaingia kwenye basi, mjukuu wake alikuja mbio na mfuko wa ming'oko iliyochemshwa, imepoa. "Bibi kasema kakuchemshia kila siku tangu Jumatatu." Niliila kimyakimya mpaka Somanga.

Juni hii nikishuka Nangurukuru, mizigo itatangulia nyumbani na bodaboda. Mimi nitaanzia kwa Bibi.