Namna ya Kulea Chemba Iliyoziba: Mwongozo kwa Baba Mwenye Nyumba wa Dar es Salaam

Choo hakizibi ghafla. Hutoa taarifa mapema, na kazi yako mwenye nyumba ni kutoisikia. Mpangaji akivuta maji, sinki la jikoni likakoroma, ni hewa iliyonaswa kwenye bomba inatafuta pa kutokea. Mwambie ni dalili kwamba leo maji yana presha.

Sinki moja likisuasua, mlaumu mama wa chumba cha pili anayemimina humo mafuta ya kukaangia mihogo. Huingia ya moto, yakaganda mbele ya safari. Ila bafu, choo na sinki vikigoma kwa pamoja, tatizo limeshahamia bomba kuu, pengine kwa nepi na pedi. Hapo endelea kumlaumu mama wa mihogo.

Usithubutu kufunua chemba. Ikikutwa kavu, watu watajua kizibo kipo kati yake na nyumba. Ikikutwa imejaa pomoni, kizibo kiko mbele, au shimo lenyewe limejaa. Maarifa kama haya, ya bure na ya dakika moja, yataharibu kikao cha wapangaji cha Jumapili. Ili kuwa salama, jenga banda la kuku juu ya mfuniko.

Nyasi za uani zikinawiri mwezi Septemba, wakati mtaa mzima umekauka, jisifu kwa kilimo. Chini yake bomba linavuja na mizizi ya mwembe imeshapiga hodi.

Fundi akishindikana kuepukwa, mtafute mwenye kipande cha nondo. Huyo hutoboa tambara lililoziba na bomba la plastiki kwa mpigo mmoja. Mwenye fito za kuzibulia ni ghali, tena ana maswali: bomba limelazwa kwa mteremko gani, shimo lilinyonywa lini mara ya mwisho? Gari la kunyonya nalo usiliite. Halitapita uchochoroni, maana ukuta wako ulisogea barabarani wakati wa ukarabati.

Hapa naacha utani: asishuke mtu shimoni, hata kwa ujira mnono. Gesi ya humo huangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa humfuata.

Haya, subiri masika. Mvua ikishika usiku, fanya kama wazoefu wa jiji: tapisha. Mzigo utapita mtaroni, mlangoni kwa mjumbe na kwenye genge la nyanya, hadi Mto Msimbazi. Kipindupindu kilichozuka jijini Agosti 2015, kikaenea mikoani na kuvuka hadi Zanzibar, usikitaje. Wapangaji wasije wakadai punguzo la kodi.

Asubuhi mmoja wao akiuliza harufu inatoka wapi, mwelekeze kwa jirani. Jirani naye, kama ameusoma mwongozo huu, atamrudisha kwako.