Picha 9 za Kufundishia Kusoma, Zimepangwa na Mtu Ambaye Hakuombwa

Tuelewane mapema. Orodha hii haikupitishwa na kamati yoyote, haina muhuri, na hakuna aliyelipwa posho ya kikao kwa ajili yake. Ameipanga mtu aliyekaa sana kwenye madarasa ya awali na la kwanza hapa Urambo, kwenye madawati yanayobana magoti, akiwatazama watoto wanavyotazama vitabu vya picha.

Kigezo ni kimoja: je, picha inamrudisha mtoto kwenye herufi, au inampa ruhusa ya kuzikimbia? Maana picha ni kama shangazi mwenye huruma. Akizidisha, mtoto hafui hata soksi zake. Ukichukia namba niliyompa mpenzi wako, foleni ya malalamiko inaanzia nyuma ya stesheni. Tunaanzia mkiani.

9. Bango la "A ni Apple"

Unalijua. La plastiki, linauzwa gulioni kati ya ndala na betri za redio. Lina herufi 26 za Kiingereza, na limetundikwa kwenye darasa linalojifunza kusoma Kiswahili, lugha ambayo Q na X hazina kazi na C haitoki nyumbani bila H. Kwenye X pana picha ya zailofoni. Nilimwuliza kijana mmoja anaona nini pale. Akainamisha kichwa upande, akafikiri kwa heshima zote, akajibu: "Ngazi imelala."

*Hukumu:* N imepata mfano wake. X bado inasubiri.

8. Pomboo anayetabasamu

P ni ya pomboo, kinasema kitabu. Darasa zima likasoma "sa-ma-ki", kwa sauti moja, bila wasiwasi wowote. Hapo makosa ni mawili: hawakusoma, na pomboo hata samaki siyo.

Kutoka hapa hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 900 za reli. Cha ajabu, babu za babu za watoto hawa waliijua bahari hiyo vizuri. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka Bagamoyo kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, safari ya miezi mitatu na zaidi. Mwaka 1871 mtemi Mirambo, ambaye mji huu unabeba jina lake, aliifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji, wafanyabiashara wakubwa wakakwama Tabora. Huyu pomboo alipewa kibali na nani? Na wakati huohuo papai, panya, punda na panzi wako uani wanangoja kuitwa.

*Hukumu:* arudishwe Bagamoyo, kwa nauli yake.

7. "Jambo" ya Wamarekani

Mwaka 1974 Muriel Feelings alitoa *Jambo Means Hello*, kitabu cha alfabeti ya Kiswahili kwa watoto wa Marekani, kikiwa na michoro ya Tom Feelings. Kilimfuata ndugu yake wa kuhesabu, *Moja Means One*, wa 1971. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott kwa michoro yake, na ukiiona huna ubishi. Kile cha alfabeti kina herufi 24 tu, kwa sababu waandaaji walijua kwamba Kiswahili hakina Q wala X. Yaani mtoto wa New York alipata habari hizi miaka hamsini iliyopita. Bango letu la namba 9 bado halijaambiwa.

Kwa nini basi hakipandi juu? Kwa sababu ukimwamkia mzee wa Urambo asubuhi kwa "jambo", atageuka kutafuta gari la watalii liko wapi. Hapa ni "shikamoo", au "mwangaluka" kama unataka kuongezewa ugali.

*Hukumu:* kizuri sana, kwa jirani.

6. Akili wa kwenye runinga

Katuni ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam: binti wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, akilala anasafiri kwenda nchi ya ndoto kujifunza herufi na namba. Watoto wanamwimba hadi kisimani. Tatizo ni kwamba huwezi kumwambia "ngoja, rudi nyuma, nilikuwa bado naangalia". Ukurasa wa karatasi unakungoja hata ukienda kuchota maji.

*Hukumu:* umeme ukikatika, Akili inazimika. Samahani, ilibidi.

5. Kunguru wa mwaka 1658

Msiseme nimetoka nje ya mada. Mwalimu mmoja wa Moravia, katika Ucheki ya leo, aitwaye Comenius, alichapisha mwaka huo *Orbis Sensualium Pictus*, kitabu ambacho wengi hukihesabu kuwa babu wa vitabu vyote vya picha vya watoto. Ukurasa wa alfabeti umejaa wanyama wanaopiga kelele: kunguru analia *aaa*, kondoo analia *beee*, kila mmoja kasimama na herufi yake. Mtoto anajifunza herufi *inaliaje* kabla ya kusumbuliwa *inaitwaje*. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili ulipoingia mwaka 2015, walimu walikwenda semina kujifunza kutilia mkazo sauti za herufi, na kunguru alikuwa akifanya hivyo kwa zaidi ya karne tatu, bila semina wala nauli.

*Hukumu:* apewe ajira ya kudumu. Mahindi yetu ayaache.

4. Kitabu kisafi cha kabatini

Hapa nitawaudhi watu ninaowapenda. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kuzaa hadithi za Kiswahili zilizoandikwa na kuchorwa na Watanzania. Ujanja wake ulikuwa rahisi: mchapishaji anachapa, mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, kwa hiyo mchapishaji halali njaa kwa kuwapenda watoto. Humo mna nyumba zinazofanana na nyumba, na bibi anayefanana na bibi.

Kwa ubora wa kurasa, wangekaa namba 2. Nimewashusha kwa kosa ambalo si lao. Shule moja, siitaji, ilinionyesha vitabu vyake kwa fahari: viko kwenye kabati, kabati lina kufuli, kufuli lina ufunguo, na ufunguo uko kwa mwalimu aliyekwenda Tabora mjini kufuatilia mshahara. "Tunavitunza," nikaambiwa, "watoto wana mikono michafu." Ni kweli, wana mikono michafu. Ndiyo mikono waliyonayo.

*Hukumu:* kitabu kisicho na alama ya kidole cha mtu hakijasomwa na mtu.

3. Karanga

K ni ya karanga. Mchoro ni mbaya, nakubali. Unafanana na kiatu cha mtoto mchanga. Lakini hakuna mtoto wa hapa anayeukosea, kwa sababu ya kwake imo mfukoni. Anaimenya, anahesabu punje, anaitia mdomoni, kisha anarudi kuitazama *ka-ra-nga* akiwa bado anatafuna. Silabi tatu, punje mbili. Mmoja alilalamika kwamba neno lina punje moja zaidi. Huyo tayari anasoma, hata kama mwenyewe hajui.

Na karanga ina historia na mji huu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa kuilima kwa matrekta, Kongwa, Nachingwea na hapahapa Urambo. Ardhi ikawashinda, mvua ikawashinda, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umetupwa pamoja na zaidi ya pauni milioni 35.

*Hukumu:* wao walitumia mamilioni wasilielewe neno hili. Sisi tunalifundisha kwa fungu moja la sokoni.

*(Mapumziko mafupi, kwa walioachwa nje. Najua wenye miaka arobaini na kitu mmeshapanda juu ya meza mkimdai Bulicheka na Lizabeta wake, na Kibanga aliyempiga mkoloni. Kaeni. Hadithi zile za vitabu vya shule tulizisoma tukiwa tunajua kusoma. Hapa tunashughulika na wanaohangaika na "ba be bi bo bu". Kibanga hahitaji msaada wangu, alishinda peke yake.)*

2. Bata chini ya kiganja

Kitabu ni cha kawaida. Picha ya ndege mmoja mnene, neno moja chini: *bata*. Mtoto anatazama, anatamka: "Kanga." Wengi wetu hapo tungefoka. Mwalimu niliyemwona hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya picha, ndege akapotea, likabaki neno.

Kimya. Kidole cha mtoto kikaenda kwenye *b*, kikatetemeka kidogo. "Ba." Kikasogea. "Ba... ta." Akainua macho kama mtu aliyekuta noti njiani. Mwalimu akaondoa kiganja taratibu, na bata yuleyule akarudi, safari hii akiwa shahidi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ugomvi wetu wa "picha nyingi au picha chache" tunaupigania mahali pasipo. Picha ikitangulia, mtoto anabahatisha. Ikija baadaye, inamsahihishia kazi. Na Kiswahili kina upole wake: kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyezijua silabi anaweza kutamka ukurasa mzima bila kuelewa lolote, kama kasuku wa bandarini. Picha ikifunuliwa ndipo unajua kama kaelewa.

*Hukumu:* kifaa bora cha kufundishia nchini hakiagizwi nje. Kina vidole vitano.

1. Treni iliyochorwa vibaya

Kinara wetu hana mchapishaji. Ni karatasi za manila zilizokunjwa, zikashonwa katikati kwa uzi wa kufungia tumbaku. Watoto wanachora, wanasema walichochora, mwalimu anaandika maneno yao chini, kesho yake wanasoma walichokisema jana. Humo mna vitu ambavyo hujavikuta kwenye kitabu cha dukani: bani la tumbaku likitoa moshi, mzinga wa nyuki mtini, michembe ikianikwa juu ya jabali, mbuzi aliyekula daftari. Hakuna anayebahatisha, kwa sababu mwenye picha yupo na yuko tayari kupigana.

Binti mmoja wa darasa la kwanza alichora treni ya Kigoma, ndefu hadi ikapinda kona ya karatasi ikarudi. Mwalimu akaandika chini yake: *treni*. Mwenzake alichora sisimizi, kadoa tu. Chini yake: *sisimizi*.

Binti akaangalia huku, akaangalia kule. Akahesabu herufi kwa kidole. Kisha akasimama kudai haki.

"Mwalimu, sisimizi ana nane. Treni yangu umeipa tano."

Mwalimu akaeleza kwamba neno halifuati ukubwa wa kitu. Maelezo mazuri kabisa. Binti akasikiliza yote, akaomba kalamu, akaenda kukaa kwenye kona yake. Alipoirudisha karatasi ilisomeka *treniiiiiiiiiii*. Nilizihesabu: i kumi na moja.

"Hiyo ni ya mizigo," akasema.