Namna ya Kuidanganya Barabara kwa Shokapu za Dukani

Ndugu yangu dereva wa bajaji, sogea karibu. Unataka chombo chako kisimame juu, springi nyekundu zionekane kuanzia Darajani mpaka Amani, abiria ashuke akikusifu, na mfukoni kibaki kitu. Yote yanawezekana. Ujanja upo, nami nakupa wote bila kuficha, kwa sababu migongo inayopanda bajaji zetu huku Ng'ambo ya Unguja ni ya mama zetu. Ila fuata mpangilio. Ukianzia dukani, umeshaliwa.

Hatua ya kwanza: danganya kwa kiti

Abiria haioni shokapu. Anachokijua ni kiti, na sponji ya kiti chako imeshalala zamani. Bonyeza kwa kidole utakuta ubao. Nenda kwa fundi wa makochi, mwambie aweke sponji ngumu chini na laini juu, kisha ashone gozi jipya. Jioni hiyo hiyo watu watakuuliza umefunga shokapu gani. Jibu unalo mwenyewe.

Hatua ya pili: upepo

Springi ya kwanza ya bajaji ni upepo wa tairi. Tairi zenyewe ni ndogo, rimu ya inchi 8, kwa hiyo shimo ambalo gari kubwa linalipita tu, wewe unaingia ndani yake. Madereva wengi hujaza tairi mpaka liwe gumu kama jiwe ili petroli isiliwe sana, halafu wanailaumu shokapu. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha chombo chako, pima asubuhi tairi likiwa baridi, na pima kwa geji. Kulipiga teke tairi hakukwambii kitu.

Hatua ya tatu: mkamate anayegonga

Kile kishindo unachokisikia nyuma, kong, kong, kila ukivuka tuta, huenda hakitoki kwenye shokapu hata kidogo. Inua nyuma kwa jeki, weka gogo chini ya chesi ili chombo kisikuangukie, kisha shika tairi kwa mikono miwili na ulisukume ndani na nje. Mkono wa tairi ukicheza pale ulipofungwa kwenye chesi, bushi zimekwisha. Chungulia kwa tochi: utaona mpira umepasuka na unga mwekundu wa kutu umezunguka bolti. Bushi ni rahisi kuliko shokapu, na hakuna shokapu duniani itakayonyamazisha bushi iliyokufa. Ukifika hapa na kishindo kikaisha, umeokoa pesa. Unaweza kwenda kunywa kahawa barazani.

Hatua ya nne: mtafute mzee wa Vespa

Bado unataka shokapu? Vizuri, basi ujue kwanza unachezea nini. Vespa ilitoka Italia mwaka 1946, kazi ya Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyetokea kwenye ndege. Mwaka 1948 Piaggio wakatoa Ape, chombo cha magurudumu matatu kilichojengwa juu ya Vespa. Kampuni ya Bajaj ya India ikatengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio, na bajaji yetu ikazaliwa katika ukoo huo. Ndiyo maana mguu wa mbele wa bajaji ni ule ule wa kizamani: mkono mmoja mfupi, springi na shokapu, gurudumu limening'inia upande.

Unguja imepanda Vespa vizazi na vizazi. Maana yake, ndani ya Ng'ambo yupo mzee anayeujua mguu huo kuliko kijana yeyote mwenye mashine mpya ya kuoshea. Mwamkie vizuri, "Shikamoo, maalim," kaa umsikilize. Atakuonesha kwa kidole pini zinazolika na mahali pa kutia grisi. Ushauri wake ni mali, na mara nyingi ataomba kikombe cha kahawa tu.

Nyuma ni hadithi nyingine. Injini iko nyuma, abiria watatu wamekaa nyuma, mikoba ya Darajani iko nyuma. Mzigo karibu wote umelala kwenye magurudumu mawili yale. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende nyuma, hata kama springi ya mbele ndiyo inayoonekana na watu. Ya mbele utaipaka rangi. Nyekundu inapendeza, nami naunga mkono.

Hatua ya tano: dukani

Nenda na futi yako. Pima shokapu ya zamani kutoka katikati ya tundu la bolti la juu hadi katikati ya tundu la chini, gurudumu likiwa linaning'inia. Kipimo hicho ndicho pasipoti yako. Muuzaji atakwambia "hii inaingia, yakhe," na kweli itaingia, lakini ikiwa ndefu kuliko ya zamani itainua mgongo wa bajaji. Hapo mambo mawili yatakufuata. Shafti zinazotoka kwenye injini kwenda magurudumuni zitakaa kwa pembe kali na viungo vyake vitalika haraka. La pili ni zito zaidi: bajaji ina gurudumu moja mbele, na uzito ukipanda juu, siku utakayofunga breki huku unakata kona, uzito wote utakimbilia mbele kwenye ncha ile nyembamba. Bajaji hupinduka hivyo, na wanaoumia huwa abiria, maana wewe una usukani wa kushika.

Tamaa ya kuinuka naijua, kila mtu anataka aonekane mrefu. Inua kwa sponji ya kiti na rangi ya springi, chesi iache pale ilipowekwa.

Kisha itazame ile chupa. Shokapu za kisasa za pikipiki zina kichupa pembeni, na ni kizuri kweli. Katika shokapu halisi, kichupa hicho kinahifadhi oili na gesi ili shokapu isichemke ikaishiwa nguvu. Katika nyingi za bei nafuu, kichupa ni pambo tupu kilichobanwa kwa skrubu. Fuata kwa kidole mahali kilipoungana na mwili wa shokapu: kama hakuna njia ya oili kupita, umenunua pambo. Ukikipenda kinunue, ila usikilipie bei ya gesi.

Nunua mbili za nyuma, jozi moja, siku moja. Ukibadilisha upande mmoja tu, bajaji itainama upande ule wa zamani na itakuvuta kila penye mawimbi ya barabara. Kabla hujalipa, bonyeza shokapu kwa uzito wa mwili wako wote na uachie. Irudi polepole, kwa heshima. Ikiruka, ndani hamna oili ya maana. Na ule mti wake wa chuma unaong'aa upitishe ukucha: ukikwama mahali, kuna kijitundu cha kutu, na kijitundu hicho kitaichana sili. Kwetu hapa bahari iko pande zote, chumvi haina likizo, kwa hiyo shokapu iliyokaa miezi dukani mlango wazi ikaguliwe namna hii kila mara.

Hatua ya sita: ngazi

Hapa ndipo mafundi wengi wanapotupotosha, na hapa nakuomba uwe na subira. Chini ya springi kuna kikombe chenye ngazi, mara nyingi 5. Ukikizungusha kupanda, watu husema "umekaza springi". Springi ni ile ile, ugumu wake haujabadilika. Ulichofanya ni kuibana kidogo kabla ya mzigo kuja, na matokeo yake chombo kinasimama juu zaidi.

Sasa kwa nini usipandishe mpaka mwisho? Kwa sababu gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda likikutana na tuta, na pia nafasi ya kushuka likikutana na shimo. Chombo kikisimama juu kabisa, gurudumu halina pa kushukia; shimo likija, bodi nzima inaanguka na gurudumu, pamoja na bibi wa watu aliyekaa nyuma. Kanuni ya watu wa pikipiki ni kwamba mzigo wa kawaida ukishakaa, shokapu iwe imetumia kama theluthi moja ya mwendo wake. Tia alama ya chaki kwenye bodi, juu ya gurudumu. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi alama hiyo, gurudumu likiwa linaning'inia, kisha waite vijana watatu wa barazani wakae nyuma, upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayokwambia ngazi gani. Pande zote mbili ziwe ngazi sawa.

Pangia mzigo unaoubeba siku nyingi. Usiipange kwa ajili ya ile siku moja ya harusi uliyopakia masufuria.

Hatua ya saba: mbinu za gereji, nzuri na mbaya

Mpira unaopachikwa kati ya mizunguko ya springi: unafanya kazi. Unaizuia mizunguko miwili isisogee, springi inakuwa fupi na ngumu zaidi, chombo kinainuka. Utumie ukisubiri pesa. Usiuache mwaka mzima, maana maji ya chumvi hukaa chini yake na springi hukatikia hapo hapo.

Kutoboa shokapu, kutia oili na kuchomelea: najua inafanywa, na huchangamka kwa muda. Lakini shokapu yenye gesi imejaa presha, na moto wa kuchomelea juu ya presha unaweza kulipuka usoni kwa kijana aliyeshika mashine. Hii moja nakukataza kabisa.

Kwa wenye maguta ya mizigo, wale wenye foku mbili mbele kama za pikipiki, ujanja wenu ni halali na rahisi: mwaga oili kuukuu ya foku, tia mpya iliyo nzito hatua moja, kipimo sawa kulia na kushoto. Pia unaweza kukata kipande cha bomba, kulia na kushoto urefu mmoja, ukaweka juu ya springi ndani ya foku. Mbele itainuka bila kununua kitu.

Jaribio

Usijaribie kwenye barabara pana iliyopita kati ya majumba ya Michenzani. Hapo kila bajaji ni nzuri. Ingia nyuma, kwenye vichochoro vya Kwahani na Jang'ombe ambako maji ya masika yamechimba, kisha toka mpaka Mwanakwerekwe. Nunua urojo wa kupeleka nyumbani, mpe rafiki aushike mkononi kwenye kiti cha nyuma. Urojo ukifika na shati lake liko safi, umefaulu. Ukimwagika, shuka ngazi moja, punguza mwendo, jaribu tena.

Ukisimama, gusa mwili wa shokapu kwa nyuma ya mkono. Kazi ya shokapu ni kuugeuza mtikisiko kuwa joto, kwa kuilazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo. Ya kulia ina joto na ya kushoto baridi? Ya kushoto haifanyi kazi, hata kama ni mpya na bado ina karatasi ya duka. Irudishe leo, na risiti.

Na uendeshaji wako nao ni shokapu. Gari ya magurudumu manne hupitisha shimo katikati yake. Bajaji haina katikati. Gurudumu la mbele liko hapo hapo, kwa hiyo una mistari mitatu ya kuichunga. Mbele ya tuta, funga breki mapema kisha iachie kabla gurudumu halijapanda. Ukipanda huku umebana breki, mbele imeshalala na haina pa kwenda.

Ukishindwa, shindwa kwa heshima

Wakati mwingine utafanya yote na shokapu za kiwandani zitabaki kuwa bora kuliko ulizonunua. Ndiyo maana usizitupe wala usizigawe. Zifute, zipake oili, zifunge kwenye gazeti na uziweke chini ya kitanda. Siku ya kuzirudisha, waambie watu wa barazani umefunga "orijino", nao watakuheshimu zaidi kuliko siku ya zile nyekundu. Nyekundu utamuuzia mwenye pikipiki, umweleze ukweli wa kichupa.

Jambo la mwisho, nalo ni la spana tu. Baada ya siku chache za kazi, rangi iliyokuwa chini ya nati hukandamizika na nati hulegea. Rudi chini ya bajaji, kaza bolti zote za juu na za chini, upande wa kulia na wa kushoto. Fanya hivyo kabla hujampakia mama mjamzito anayekwenda hospitali ya Mwembeladu.